Sakafu na Dari za Vasumatiben

Vasumatiben Trivedi hakuwahi kununua hisa hata moja maishani mwake, na hakuna aliyekuwa na mwandiko mzuri kumshinda pale Soni Bazaar, Rajkot. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha darasa la pili katika shule moja ya binafsi. Kisha shule ikafungwa, kiwanja kikauzwa kwa mjenzi wa maghorofa, na walimu wakapewa kila mmoja shali na nazi kwa shukrani. Nazi aliipasua akafanyia chatini. Shali ilikuwa ya kuwasha, akaifungia kabatini.

Alikuwa amekaa nyumbani miezi mitatu, akipanga upya makopo ya dengu ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa, ndipo Himatbhai Raichura alipobisha hodi. Himatbhai alikuwa wakala wa hisa, na binti yake alijifunza kuandika mikononi mwa Vasumatiben.

"Mwalimu," alisema, bado amesimama mlangoni, "njoo uniandikie ubao."

Ofisi ya Himatbhai ilikuwa juu ya duka la sonara, ngazi kumi na tisa, chumba kimoja chenye runinga ukutani na viti kumi na viwili vya plastiki. Waliokalia viti hivyo walikuwa wastaafu wengi wao, na zaidi ya nusu walikuwa na mtoto wa jicho. Mbele yao palikuwa na ubao mweusi. Himatbhai mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuandika, kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, na mara mbili mteja wa kiti cha nyuma alisoma tatu kuwa sita, akanunua alichopaswa kuuza. Ndiyo maana akahitajika mwalimu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pale hawakucheza na hisa moja moja. Walicheza na Nifti, yaani kampuni hamsini kubwa zikifungwa pamoja zikawa namba moja inayopanda na kushuka kutwa. Kulikuwa na mikataba ya hiari juu ya namba hiyo. Mtu aliweza kununua haki ya kuja kuuza kwa bei fulani, au haki ya kuja kununua kwa bei fulani, kabla ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Waliouza haki hizo kwa wingi walikuwa matajiri wa Mumbai, na tajiri hapendi kulipa. Kwa hiyo, ilisemwa, palipo na rundo kubwa kuliko yote la mikataba ya kuuza, ndipo matajiri walipoweka mabega yao ili bei isishuke. Hiyo ndiyo sakafu. Na palipo na rundo kubwa kuliko yote la mikataba ya kununua, ndipo walipoweka viganja ili isipande. Hiyo ndiyo dari. Kila asubuhi soko lilitoa jedwali la marundo hayo. Vasumatiben alilipitia kwa rula, akatafuta rundo kubwa upande huu na upande ule, akaandika ubaoni namba mbili.

"Kwa hiyo ni kama kutazama viatu mlangoni ukajua nani yuko ndani," alisema siku ya kwanza.

"Hasa!" Himatbhai akafurahi.

"Na kama wameingia na viatu vyao?"

Himatbhai akacheka, akamuuliza kama chai yake anaipenda na tangawizi.

Nyumbani, mumewe Anantrai hakuipenda kazi ile. Yeye alikuwa mpiga falaki. Watu walimletea saa za kuzaliwa za mvulana na msichana, naye akawaambia kama nyota zao zinaelewana na wafunge ndoa saa ngapi.

"Watu wazima na mvi zao," alikuwa akisema huku kalenda ya nyota imefunguka magotini, "wanatazama namba kwenye karatasi wanajidai wanajua kesho. Aibu, mama Falguni."

"Aibu kweli, baba Falguni," mkewe alimjibu, akaendelea kumsomea kalenda, kwa sababu macho ya Anantrai yalikuwa hayaoni tena herufi ndogo.

Mwaka wa pili wa kazi yake, katika mwezi wa Shravan, Vasumatiben alibadilisha miwani. Shravan ni mwezi wa kufunga na wa maombi, na huko kwao Saurashtra ni mwezi wa karata pia. Wanaume wasiogusa karata mwaka mzima huzigusa wakati huo, na polisi huwavamia vibarazani wakawabeba na mikeka yao. Ofisi ya Himatbhai haikuvamiwa. Ilikuwa na leseni, imewekwa kwenye fremu na kuvikwa shada la maua.

Miwani mipya ilikuwa ya sehemu mbili, juu ya mbali, chini ya karibu, na katikati mstari.

"Utaizoea baada ya wiki, ben," fundi alimwambia, akimwita dada kwa Kigujarati. "Usitazame mstarini tu."

Jumapili ngazi za nyumbani zilimjia mguuni kabla hajazifikia. Jumatatu asubuhi aliketi na jedwali ofisini, akashusha kidevu, akasogeza rula, akaandika: dari 5,500, sakafu 5,200. Mle ndani elfu tano haikutajwa, kila mtu aliijua. Walisema mia tano na mia mbili.

"Mia mbili?" aliuliza Batukbhai Vekariya kutoka kiti cha mbele. Batukbhai alikuwa msimamizi mstaafu wa wasoma mita wa umeme, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maswali mengi. "Runinga inasema sakafu ni mia tatu. Gazeti mia tatu. Shemeji yangu wa Surat, mia tatu."

"Shemeji yako anaandika ubao huu?"

"Hapana, ben."

"Basi kunywa chai yako."

Soko lilifunguliwa mia tatu na themanini, likaanza kuteremka. Lilipofika mia tatu, India nzima ilinunua kwa sababu pale ndipo penye sakafu. Likasita kidogo, kisha likapita kama mtu anayekanyaga ubao uliooza. Runinga ikapiga kelele. Juu ya duka la sonara wazee walikaa, macho ubaoni, kwa sababu ubao ulisema mia mbili. Saa saba mji mzima ulifunga maduka kwenda kulala kama kawaida yake. Wao hawakwenda. Saa nane na dakika kumi bei iligusa mia mbili na nne. Batukbhai akasema, "Nunua," kwa sauti ya mtu anayekabidhi roho. Wengine wakamfuata. Na bei ikageuka. Ilipanda bila kutazama nyuma mpaka kengele ya kufunga.

Daktari Ghelani, wa meno, ambaye kliniki yake ilikuwa mtaa wa pili na ambaye alizoea kukimbilia ofisini akiwa amemwachia mgonjwa pamba mdomoni, alikumbatiana na mtu ambaye walikuwa hawasemezani tangu kesi ya maegesho. Batukbhai alisogea mbele, akainama kugusa miguu ya Vasumatiben.

"Acha, Batukbhai! Unanizidi umri!"

"Umri si kitu, ben. Kuona ndiko kitu."

Siku ya pili bei ilipanda. Runinga ilisema dari ni mia sita. Ubao ulisema mia tano. Bei ilifika mia nne tisini na sita, ikashuka. Jioni ile ngazi kumi na tisa zilipandwa na watu wa ofisi nyingine, wamekuja tu kuutazama ubao.

Jumatano soko lilifungwa kwa sikukuu. Vasumatiben alikuwa barazani akimsomea mumewe kalenda ya nyota. Alisoma siku, tarehe ya mwezi mwandamo, saa ya kheri. Anantrai akainua kichwa.

"Haiwezekani. Tarehe kumi na moja haiangukii Jumanne mwezi huu. Mimi nilifunga saumu ya kumi na moja Jumatatu."

"Imeandikwa hapa."

"Soma tena."

Alisoma tena, likaja lile lile. Akaenda kuchukua miwani ya zamani kwenye sanduku la cherehani, akasoma mara ya tatu, likaja jingine. Kila alipokuwa akishusha kidevu ili kutazama kwa karibu, ule mstari wa katikati ulimrusha jicho. Alidhani anasoma safu hii, kumbe anasoma safu ya juu yake.

Aliweka kalenda chini. Hakufikiria nyota. Alifikiria jedwali la Jumatatu. Safu ya juu ya mia tatu ni mia mbili. Safu ya juu ya mia sita ni mia tano.

"Nimekosea," alisema.

"Umeona sasa."

"Na Jumapili nilikusomea na miwani hii hii, saa ya harusi ya wale wa ukoo wa Popat. Nayo si yenyewe. Inabidi uwaambie."

Anantrai alifuta kioo cha miwani yake ambayo haikuwa na msaada wowote. "Wameshachapisha kadi."

"Basi?"

"Kadi zikishachapishwa, mama Falguni, nyota nazo hujipanga."

Vasumatiben hakuweza kunyamaza hivyo. Alikuwa amewaambia watoto wa miaka saba, mwaka baada ya mwaka, kwamba aliyekosea anyanyue mkono. Alhamisi alifika ofisini mapema akamweleza Himatbhai yote, miwani, mstari, safu. Himatbhai alisikiliza akitafuna ganthiya zake za asubuhi, vile vijiti vya unga wa dengu, na pilipili ya kukaanga, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyotafuna polepole.

"Umemwambia nani mwingine, mwalimu?"

"Bado."

"Vizuri. Ibaki hivyo hivyo."

"Nitawaambia wakishakaa."

"Mwalimu, watu wamepata faida! Nani amekulalamikia? Umeona mtu akienda polisi kwa sababu ameokota fedha?"

Wakakaa. Alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akawaambia kwa ile sauti yake ya darasa iliyofika hadi kiti cha nyuma bila kupandishwa. Kwamba Jumatatu na Jumanne hakusoma rundo kubwa, alisoma safu ya juu yake kwa sababu ya miwani mipya. Kwamba bei iligeuka pale kwa bahati tu. Kwamba wasimshukuru, na waliomletea maandazi ya maziwa waje wachukue masanduku yao, hajala hata moja.

Batukbhai akaanza kucheka, taratibu, akitikisa kichwa kwa mapenzi.

"Mnaona? Mnaona mtu mkubwa anavyojishusha?"

"Sijishushi, Batukbhai. Nilikosea."

"Ndiyo, ndiyo, ben. Ulikosea." Akawageukia wenzake na kukonyeza. "Alikosea!"

Daktari Ghelani alikuwa ameinuka, na glavu moja bado mkononi. "Ngojeni. Ngojeni kwanza. Safu moja juu." Alifumba macho kama anayesikiliza jino. "Hamwoni? Kila mtu nchi hii anajua rundo liko wapi. Matajiri nao wanajua kwamba kila mtu anajua. Kwa hiyo wanafanyaje? Wanaiachia bei ipite sakafu, wadogo wanaogopa, wanauza kwa hasara, matajiri wanaokota vya bure safu moja mbele, ndipo wanageuza. Sakafu ya kweli haiko kwenye rundo. Iko safu moja pembeni! Ben, wewe umelijua hili tangu lini?"

"Sijalijua."

"Angalia asivyotaka kusema," mtu akanong'ona nyuma, kwa heshima.

Jambo lililomuudhi Vasumatiben kuliko yote ni kwamba maneno ya daktari hayakuwa ya kijinga. Yalikuwa na akili. Lakini hayakuwa yake, na lililotokea Jumatatu halikuwa na akili yoyote, lilikuwa kioo na mstari. Aliirudisha miwani kwa fundi, akatengenezewa miwili tofauti, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu. Ijumaa aliandika namba sahihi, kubwa na nzuri, za kusomwa na kipofu. Wazee walizisoma, wakashukuru, na kila mmoja akatoa mia moja kichwani mwake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Diwali. Mbinu ilipata jina, ikaitwa "safu ya ben". Wateja watatu walijitengenezea miwani ya mstari ilhali macho yao hayakuihitaji, na mmoja akaanguka ngazini akateguka kifundo. Mtu kutoka Jamnagar alimwomba kipande cha chaki iliyokwisha kutumika. Himatbhai, ambaye alipata kamisheni yake mtu akinunua na akapata tena akiuza, awe amepatia au amekosea, aliweka kiyoyozi na kuongeza viti tisa. Wale wa Popat walifunga ndoa saa isiyo yao. Mvua iliyokuwa imetanda ikaghairi, chakula kikatosha, bibi harusi akacheka badala ya kulia, na Anantrai akapata wateja wapya watatu kutokana na harusi ile moja. Hakulizungumza jambo hilo. Mkewe alimtazama tu wakati wa kula.

Vasumatiben alifanya alichojua kufanya. Alinunua daftari la mistari, akawa anasahihisha soko kila jioni kama zoezi la mwanafunzi. Baada ya siku thelathini na mbili alimwonyesha Batukbhai.

"Siku kumi na moja, safu ya ben ilishika. Siku kumi na mbili lilishika rundo lenyewe. Siku tisa hakikushika chochote. Soma."

Batukbhai alisoma kwa makini, kidole juu ya karatasi, kama aliyekuwa anakagua mita.

"Kumi na moja!" alisema, macho yakimetameta. "Na bado unasema ni bahati!"

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lilikuwa sikio la mtu mwema. Ndilo lililomuuma.

Wiki ya tatu baada ya Diwali, siku mbili kabla ya mikataba kuisha, habari mbaya zilitoka nje ya nchi, benki fulani za mbali, na soko likafunguka limekwisha kuanguka. Rundo kubwa lilikuwa kwenye mia mbili. Bei ikaipita mia mbili na wazee wakatulia, hata wakapeana tabasamu, kwa sababu sasa inakwenda safu ya ben. Kwenye mia moja walinunua wote. Batukbhai alinunua mara mbili, mara ya pili kwa nusu ya kiinua mgongo chake. Bei ilikaa mia moja kwa muda wa kunywa chai ya kisahani. Kisha ikaondoka. Elfu tano kamili ilipita bila mtu kuitaja. Ilikwenda kulala elfu nne mia tisa na thelathini.

Kiyoyozi kilivuma. Hatimaye Daktari Ghelani akasema, taratibu, kama mtu aliyepata mwanga:

"Kumbe ni safu tatu."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alimgeukia Vasumatiben na kuuliza, "Ulibadilisha miwani, ben?" Mwingine akamjibu kwamba alibadilisha zamani, na tangu hapo mkono wake umeishiwa baraka, wao tu hawakutaka kuona. Batukbhai alikunja gazeti lake mara nne, akashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Hakuja siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata. Kiti cha mbele kilikaa wazi siku nne, kisha akakikalia mtu wa Jamnagar.

Jumapili ya pili Vasumatiben alifunga ganthiya na papai la kukuna kwenye karatasi, akaenda kwao. Aliyefungua mlango alikuwa Ranjanben, mke wa Batukbhai, na unga mikononi. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kichwa.

"Wewe ndiye ben wa ubao?"

"Ndiye."

Vasumatiben alijiandaa kutukanwa. Hakuona sababu ya kutotukanwa. Badala yake alishikwa mkono akavutwa hadi jikoni, na mlango ukasukumwa kwa kisigino.

"Mrudishe," Ranjanben alinong'ona.

"Nani?"

"Huyo! Mrudishe ofisini kwenu, nakuomba, nitakufungia saumu Jumatatu kumi na sita." Alipangusa jasho, unga ukabaki kwenye paji la uso. "Anasoma mita yetu kila saa, ben. Kila saa! Anakuja kuniambia, 'Ulichemsha maji mara mbili.' Anazima feni nikiwa chini yake. Ameandika majina kwenye makopo yangu ya viungo, miaka thelathini na nane nimepika bila kujua bizari ni ipi! Jana amenifundisha kusukuma chapati."

"Dada, lakini pale ndipo alipopotezea fedha."

"Fedha imepotea, imepotea. Nimeshalia, nimemaliza. Huyu niliyempata badala yake nani atanifidia?"

Batukbhai alikuwa sebuleni, na suruali haikupigwa pasi. Alimkaribisha mgeni, akasifu ganthiya, akauliza habari za Anantrai. Walikula kidogo.

"Ulituambia," alisema ghafla, akitazama karatasi ya mafuta. "Ulisimama pale ukatuambia ulikosea. Kila siku naliona."

"Niliwaambia."

"Kwa nini hukupiga kelele?"

Vasumatiben alifikiri kwanza. "Nimezoea watoto wa miaka saba, Batukbhai. Wao, mwalimu akisema amekosea, wanamwamini mara moja. Wanafurahi hata."

Batukbhai alijaribu kucheka, uso ukakataa. Alivuta pumzi ndefu, akafuta macho kwa pindo la shati, na mgeni akajishughulisha na papai hadi alipomaliza.

Kutoka jikoni ilisikika sufuria ikiwekwa kwa nguvu, kwa maana.

"Mwandiko wako ukoje?" Vasumatiben akamuuliza.

Alikuwa na sababu. Sifa zile za safu ya ben zilikuwa zimeleta wateja wapya wengi, na maafa yenyewe hayakuwapunguza. Yaliwaongeza, kwa kuwa sasa watu walisema bei imekuwa rahisi. Himatbhai alitaka mtu wa kukaa na fomu za kufungulia akaunti, mtu ambaye wateja wanamheshimu. Ubao ungebaki bila mwandishi. Jumatatu alimkabili bosi wake.

"Fomu nitazichukua. Ubao mpe Batukbhai. Kwa sharti moja, nalo uliandike: anayeshika chaki hashiki mkataba. Si wake, si wa mkewe, si wa shemeji yake wa Surat."

"Mwalimu, yule ni mteja wangu mkubwa!"

"Alikuwa. Hana tena cha kukupa kamisheni. Ana saa sita za mchana."

Himatbhai alikuwa mfanyabiashara, akaelewa hesabu ilipoonyeshwa. Akauliza tu kama mshahara unaweza kuwa mdogo. Ukawa mdogo.

Wiki mbili Batukbhai alikwenda barazani kwa Vasumatiben wakati mji umelala, soko likiwa limeachiwa Himatbhai na mwandiko wake wa kuku. Alijifunza kuandika namba upya kwenye ubao wa mkono, yeye mwanamume wa miaka sitini na saba, ulimi nje kwenye kona ya mdomo. Ranjanben alimfungia chakula akamsindikiza hadi getini, akauliza kama masomo hayawezi kuendelea mwezi mzima. Tano zake zilitengenea haraka. Saba zililala chali kila mara, na mwalimu hakumwonea huruma.

"Tena."

"Ben, inasomeka!"

"Inasomeka na nani? Tena."

Mwezi wa Posh, baridi ya asubuhi ikiwa imeshika, Batukbhai alisimama mbele ya ubao kwa mara ya kwanza, suruali imepigwa pasi. Aliandika dari, akaandika sakafu, akafuta saba akaiandika upya. Wakamuuliza maswali mengi aliyokuwa akiyauliza yeye zamani, naye akajibu kwamba hajui, ameandika tu kilichomo kwenye karatasi. Walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mtu wa Jamnagar akasema huyu naye si wa kawaida.

Vasumatiben alikaa mezani karibu na mlango. Fomu zilikuwa na kurasa kumi na nne, na kwenye ukurasa wa tisa palikuwa na maneno ya hatari, kwamba mteja anaelewa anaweza kupoteza fedha yake yote na zaidi. Watu walizoea kuweka sahihi bila kutazama. Yeye aliwasomesha kwa sauti, wamesimama, na aliyemung'unya alianza upya. Himatbhai alilalamika wiki ya kwanza, akidhani watakimbia. Wawili walikimbia. Waliobaki walisimulia mjini kwamba pale kuna mama anakuombea kwanza kabla hujaanza, na foleni ikafika ngazini.

Siku moja, saa nane mchana, alipanda mwanamke wa makamo, amejitanda ukaya wa sari hadi puani ingawa kulikuwa na joto, akataka fomu. Vasumatiben alimtambua kwenye jina. Alikuwa mke wa Daktari Ghelani.

"Daktari anajua?"

"Daktari ana mgonjwa," mwanamke alisema. "Kwa hiyo niharakishe."

Alisimama, akasoma ukurasa wa tisa kwa sauti safi bila kukosea hata nukta, neno "yote" akalitamka vizuri, neno "zaidi" vilevile. Akaweka sahihi mahali kumi na moja. Kisha akafunua ukaya kidogo, akainama juu ya meza.

"Haya, ben," alisema. "Sasa niambie, sakafu leo iko wapi?"

Vasumatiben akamwonyesha Batukbhai, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi yake, akachukua fomu nyingine.